Kwani Shujaa Alifiwa na Nani?

Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nimeketi barazani na mjukuu wangu mwenye umri wa miaka 11, nikimsomea Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja kilichotoka mwaka 1960. Stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima, na kama wasomaji wajuavyo, stima zikipotea ndipo mtoto wa siku hizi anapopatikana. Nilipofika pahali Bwana Msa anapojitokeza na kiko chake, mtoto akanishika mkono nisifunue ukurasa.

"Babu, huyu Bwana Msa alifiwa na nani?"

Nikamjibu kwamba hakufiwa na mtu.

"Aliibiwa?"

Hakuibiwa.

"Sasa haya mambo ya watu anayafuatia ya nini?"

Nilicheka, nikaendelea kusoma. Lakini swali lile lililala nami, likaamka nami. Mtoto hakuuliza kwa ujinga. Ameziona hadithi nyingi kuliko mimi nilipokuwa wa umri wake, na hadithi hizo zote zimemfunza kanuni moja: mtu hajitokezi kuwasaidia watu mpaka kwanza awe ameumizwa. Lazima pawe na baba aliyeuawa, nyumba iliyochomwa moto, ama kosa la ujana linalomtafuna. Nitakiita kisa cha nyuma. Shujaa asiyekuwa nacho, mjukuu wangu humtilia shaka, kama vile askari anavyomtilia shaka mtu anayezurura usiku bila kitambulisho.

Je, mtoto ana haki? Shujaa wa hadithi anahitaji kisa cha kumruhusu atende mema?

POPO WA MIEZI SITA

Tuanze na Wamarekani, kwa kuwa kwao ndiko kwenye kiwanda kikubwa cha mashujaa wa katuni. Superman alitokea Juni 1938 katika toleo la kwanza la jarida la Action Comics. Watungaji wake walikuwa vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, nao walizimaliza habari za asili yake kwa ukurasa mmoja: mtoto mchanga katumwa kutoka sayari iliyokuwa ikiangamia, kaokotwa, kakua na nguvu zisizo za kawaida, kaamua kwamba nguvu hizo ziwafae watu. Basi. Hakuna aliyemdhulumu wala aliyemwekea kisasi. Alikuwa na nguvu, na watu walikuwa na shida.

Mwaka uliofuata akaja Batman, yule mtu wa vazi la popo. Alianza katika toleo la 27 la Detective Comics, Mei 1939. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui, nami nililifurahia sana nilipolijua. Hakuwa na kisa chochote. Alikuwa tajiri aitwaye Bruce Wayne ambaye usiku alivaa kama popo akawafukuza wahalifu, na msomaji aliyetoa senti zake 10 hakuelezwa kwa nini. Ni katika toleo la 33, Novemba mwaka huohuo, ndipo Bob Kane na Bill Finger waliporudi nyuma wakatuonesha kijana mdogo akishuhudia baba na mama yake wakipigwa risasi barabarani, kisha akaapa. Kwa muda wa nusu mwaka, basi, popo aliruka bila sababu, na wasomaji walimkubali hivyohivyo.

Lakini tangu kile kisa kuandikwa, kimemmeza mwenyewe. Wengi wanaotengeneza sinema mpya za Batman huona hawana budi kuwaua tena wale wazee wawili, na mkufu wa lulu wa yule mama umekatika na kutawanyika mbele ya macho yetu mara nyingi mno.

Agosti 1962 likaja tukio lililoikaza kanuni ile. Stan Lee na Steve Ditko walimtoa Spider-Man katika toleo la 15 la Amazing Fantasy. Huyu ni kijana aliyeumwa na buibui akapata nguvu, na jambo la kwanza alilolifikiria ni kujitafutia pesa na sifa. Akamwona mwizi anakimbia, akampisha, kwani halikuwa shauri lake. Mwizi huyohuyo akaja akamwua ami yake aliyemlea. Tangu hapo kijana hapumziki. Ni kisa kizuri, sikatai, na nitarudi kwake. Lakini tazama safari tuliyokwenda kutoka 1938 hadi 1962: wa kwanza alifanya mema kwa kuwa aliweza, wa pili kwa kuwa aliumizwa, wa tatu kwa kuwa ana deni.

Hata babu yake Bwana Msa hakuachwa. Nasema babu kwa kuwa haifichiki kwamba Bwana Msa ni wa ukoo wa Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, aliyeanza kuonekana mwaka 1887. Holmes wa vitabuni ana sababu ndogo kabisa ya kuingia kazini. Katika hadithi ya "Gloria Scott" ya mwaka 1893 anasimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi, baba wa rafiki yake alikiona kipaji chake akamwambia hiyo ndiyo kazi inayomfaa. Hivyo tu. Walakini televisheni ya BBC ilipomleta Holmes wa zama hizi, mwaka 2017 wakamzulia msiba wa utotoni, dada mwenye wazimu na rafiki mdogo aliyezama kisimani. Kana kwamba kupenda ukweli ni ugonjwa, na ugonjwa hauna budi kuwa na chanzo.

NDUGU WAWILI, KISA KIMOJA

Sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya sabini hatukuyasubiri majarida ya Marekani ili tuifahamu kanuni hii. Tulifunzwa na picha za Kihindi. Mwaka 1973 ilitoka Zanjeer ya Prakash Mehra, ambamo Amitabh Bachchan ni inspekta wa polisi asiyecheka, kwa kuwa utotoni, usiku wa Diwali, aliwaona wazazi wake wakiuawa na mtu aliyevaa mkononi cheni yenye kijifarasi. Nakumbuka tulivyotoka sinema kila mmoja amekunja uso. Hata wale ambao wazazi wao walikuwa nyumbani wakiwangoja na chakula walitembea kama mayatima wenye jambo.

Walioiandika picha ile, Salim Khan na Javed Akhtar, ndio walioandika pia Deewaar ya mwaka 1975, na hapo nadhani waliijibu picha yao wenyewe bila ya kukusudia. Baba ni kiongozi wa wafanyakazi anayelazimishwa kuwasaliti wenzake ili familia yake isiuawe. Aibu inamfukuza mjini. Mama na wanawe wawili wanalala chini ya daraja huko Bombay. Yule mkubwa, Vijay, ambaye ni Amitabh, watu wamemchanja mkononi maneno ya kumtukana kwamba babake ni mwizi, naye anaishia kuwa mfanya magendo. Yule mdogo, Ravi, ambaye ni Shashi Kapoor, anakuwa polisi. Najua alama ya mkononi ilimpata mmoja tu, na mtu anaweza kusema hapo ndipo tofauti ilipoanza. Lakini njaa ilikuwa moja, na daraja moja, na baba aliyepotea alikuwa mmoja. Kama msiba ndio unaozaa wema, kwa nini nyumba moja ikatoa askari na jambazi? Na kama msiba ndio unaozaa uovu, huyo Ravi alitoka wapi?

Mwaka huohuo wa 1975 wakaandika Sholay, ikaongozwa na Ramesh Sippy. Hii karibu kila mtu wa pwani aliyefika umri wangu ameiona, na wengine twaikariri. Mwenye kisa cha nyuma mle ndani ni Thakur: jambazi Gabbar Singh aliiangamiza familia yake, akamkata na mikono. Mzee yule ana kila sababu. Lakini stelingi wa picha, tuliowapenda na kuwalilia, ni Jai na Veeru, na hawa hawana sababu hata moja. Ni wezi wadogo waliotoka jela na kukodiwa kwa pesa. Wazazi wao hatuwajui, na hatukuambiwa nani aliwadhulumu.

Wakumbuka ile sarafu? Mwanzoni kabisa, Thakur alipokuwa polisi akiwapeleka jela kwa gari la moshi, majambazi waliwavamia, naye akaumia vibaya. Wale wawili wangeweza kutoroka. Jai akarusha sarafu: ama wakimbie, ama wampeleke hospitali. Sarafu ikaamua hospitali. Mwishoni mwa picha, Jai anarusha tena ili ijulikane nani atabaki nyuma kuwazuia maadui, na kura inamwangukia yeye mwenyewe. Baada ya kufa kwake ndipo Veeru anaitazama ile sarafu akaona kwamba pande zake zote mbili ni sawa.

Yaani hapakuwa na kura. Tangu siku ya kwanza Jai alikuwa amekwisha kuamua, na badala ya kutafuta kisa cha kuueleza wema wake alitafuta kitu cha kuuficha, mtu aone ni bahati tu. Mimi sijui kama waandishi wale walifikiria hivyo, lakini sisi tuliofunzwa chuoni habari za mkono wa kulia utoao hata wa kushoto usijue, hatukuhitaji kufafanuliwa.

MJELEDI NDIO UNAOULIZWA

Tukirudi kwenye hadithi zetu, naona kwamba wazee walikuwa na desturi tofauti. Hawakupuuza visa vya nyuma. Walivitumia sana, ila waliviweka pahali pengine.

Mchukue Adili katika Adili na Nduguze ya Sheikh Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Adili ni liwali mwema, na wema wake hauelezwi na mtu. Lakini yupo nyumbani kwake na manyani wawili, na kila usiku huwapiga mijeledi huku akiwasikitikia. Ikibali, aliyetumwa na mfalme, anayaona hayo na kuyachukua mpaka kwa Mfalme Rai, na Adili anaitwa ajieleze. Kitabu kizima kimesimama juu ya swali hilo: mtu mwema kama huyu, mjeledi wa nini? Ndipo yatoke yote, habari za nduguze Hasidi na Mwivu na usaliti wao. Ukarimu wake haukuhojiwa. Kilichoitiwa shauri ni ule ukatili.

Ndivyo ilivyo kwa Fumo Liyongo pia, katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo yupo tu, kwa kimo chake na nguvu zake na upinde wake, kama mbuyu ulivyo. Anayepewa sababu kwa urefu ni mwanawe aliyemwua kwa sindano ya shaba: twaambiwa aliahidiwa uwaziri na binti wa sultani. Usaliti unadaiwa maelezo. Mtu wa zamani akisikia fulani kamtoa mwenzake majini, haulizi kwa nini. Akisikia mwana kamchoma babake kitovuni, hapo atasogeza mkeka.

Siku hizi twayageuza. Shujaa anatakiwa maelezo, na mwovu naye katengenezewa yake kwa hisani: mwaka 2019 ilitoka sinema nzima kutueleza jinsi dunia ilivyomtendea Joker, adui wa Batman, mpaka akawa vile. Joker wa mwaka 2008, katika The Dark Knight, alikuwa mjanja zaidi. Aliwasimulia watu kisa cha makovu ya mdomo wake mara mbili, na kila mara kisa kilikuwa kingine. Alijua kwamba tunapenda kuambiwa, akatupa tupendacho.

KIATU KISIMANI

Sasa naomba nitoke kidogo kwenye hadithi za kubuni, na wasomaji wasinifahamu vibaya. Haya nitakayoyataja si ngano, wala sipendi kuyachanganya na mambo ya popo na buibui. Nayataja kwa kuwa ndiyo yaliyotufunza sisi namna ya kusikiliza habari za mtu mwema.

Pokezi la Abu Huraira lipo katika Bukhari na Muslim. Mtu mmoja alikuwa safarini, kiu ikamshika sana, akaona kisima akateremka akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa anahema, anakula udongo kwa kiu. Akajisemea kwamba kiu iliyompata mbwa huyu ni ileile iliyonipata mimi. Akateremka tena, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mtu huyu anacho kisa cha nyuma, kisa cha dakika chache. Alionja kiu, akaijua.

Lakini lipo pokezi la pili, pia la Abu Huraira na katika vitabu vivyo hivyo. Mwanamke malaya wa Bani Israil alimwona mbwa siku ya joto akizunguka kisima, ulimi nje. Akavua kiatu chake, akamtekea. Akasamehewa. Kiu yake yeye haikutajwa, wala hatukuambiwa kwamba aliwahi kudhulumiwa, au kwamba siku ile alikuwa ametubu, au kwamba alifuga mbwa utotoni. Mbwa alikuwa na kiu, na yeye alikuwa na kiatu.

Nimeyaweka mapokezi haya mawili pamoja mara nyingi mawazoni. Kisa cha nyuma kipo kwa yule wa kwanza, na si kibaya, maana kimemfungua macho. Kwa wa pili hakipo, na msamaha wake haukupungua.

Tena liko lile lisimuliwalo na Jalaluddin Rumi katika Mathnawi yake ya karne ya 13, nalo masheikh wetu hulipenda katika mawaidha. Sayyidna Ali alikuwa vitani, amekwisha kumshinda adui, upanga u juu. Yule adui akamtemea mate usoni. Ali akauteremsha upanga, akamwacha. Alipoulizwa, akaeleza kwamba alikuwa akipigana kwa ajili ya Mungu, na mate yale yamemtia hasira ya nafsi yake, basi kama angempiga, sehemu ya pigo ingekuwa ya kisasi. Ukilisoma baada ya kuangalia Zanjeer utaona ajabu. Kwa Amitabh, dhuluma aliyotendewa ndiyo inayompa haki ya kupiga. Kwa Ali, dhuluma aliyotendewa ndiyo iliyomwondolea.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Najua wanayoyasema wenzangu wanaosomesha fasihi, kwamba mhusika mwema tangu mwanzo hadi mwisho ni mtu wa karatasi, na kwamba wahusika wa Shaaban Robert wamebandikwa sifa zao kama vibandiko vya chupa: Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, basi kuna la kungojea? Neno hilo lina ukweli. Msomaji anataka kuona mtu akipimwa. Isitoshe, mtoto aliyefiwa kweli, aliyelala chini ya daraja kweli, anapata kitu akimwona shujaa aliyepita alipopita yeye. Watoto wa namna hiyo tunao hapa pwani, na mimi singewanyang'anya Spider-Man wao hata kwa dawa. Ninachokikataa ni ile kanuni yenyewe, kwamba pasipo jeraha hapana ruhusa. Kwani kanuni hiyo haikai sinema. Hutoka nje na watazamaji, ikaja mitaani.

FUNDI BAISKELI

Mtaani kwetu, miaka mingi iliyopita, palikuwa na fundi baiskeli ambaye jina lake nalihifadhi. Alikuwa mtu wa kawaida, si sheikh wala si mwenye mali. Kazi yake nyingine, isiyo na malipo, ilikuwa kuosha maiti wasio na watu: mvuvi aliyeletwa na maji, msafiri aliyefia hospitali na ndugu zake hawajulikani, mara nyingine watu ambao hali zao wengine hawakutaka hata kuzikaribia. Akiitwa usiku huacha kitanda, akiitwa mchana hufunga kibanda. Aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20.

Basi sisi wa barazani hatukutulia. Mtu akae miaka 20 akiosha maiti wa wenzake, bure? Lazima pana jambo. Wa kwanza akasema labda alipotelewa na mtoto baharini, hakumwona, kwa hivyo kila maiti humwona ni mwanawe. Ilikuwa ni kisa kitamu, na kingeishia hapo pasingekuwa na neno. Lakini mwenzetu mmoja akakumbuka kwamba fundi yule katika ujana wake alikuwa baharia wa jahazi. Ndipo mtu mwingine akasema, kwa kubahatisha tu na kikombe cha kahawa mkononi, kwamba huenda huko baharini alimwacha mtu akafa, na sasa analipa.

Mtu huyo mwingine nilikuwa mimi.

Neno lile halikukaa barazani. Lilipita msikitini, likapita sokoni, lilipofika mwisho wa mtaa lilikuwa halina tena "huenda". Mwaka ule binti yake alikuwa amechumbiwa na watu wa heshima wa mji wa jirani. Posa ikarudishwa. Hawakutoa sababu, lakini habari zilivuja: walikuwa wamesikia kwamba mzee ana damu ya mtu shingoni. Bibi harusi yule alikuwa na umri wa miaka 19, na nguo zake zilikuwa zimekwisha kushonwa.

Nilikaa na jambo hilo miezi kadhaa kabla sijapata moyo wa kwenda kumwomba radhi. Nilimkuta kibandani anatia kiraka mpira wa baiskeli. Nikamweleza kwamba neno lilitoka kinywani mwangu. Hakusema kitu kwa muda, aliendelea kukikandamiza kiraka mpaka kiliposhika. Kisha nikamwuliza lile ambalo ingefaa niwe nimemwuliza mwanzo: kazi ile aliianza vipi?

Akasema ilikuwa alfajiri moja msikitini. Watu wa hospitali walikuja kusema yupo maiti wa Kiislamu asiye na mtu. "Nilikuwa karibu na mlango," akasema, "na udhu ninao."

Nilingoja aendelee, kwa kuwa nilidhani huo ni mwanzo wa habari. Kumbe ndio ilikuwa habari yenyewe.

Na ukifikiri vizuri, alihitaji nini zaidi? Kuosha maiti ni faradhi kifaya. Kila aliyesoma chuoni anajua maana yake: wakiifanya baadhi, wengine hupumzishwa, na ikiachwa na wote, wote wameasi. Yeye alikuwa akiutua mzigo uliokuwa juu ya vichwa vyetu sote pale barazani. Kama palikuwa na mtu wa kuulizwa kisa chake, ni sisi tuliokuwa tumekaa. Mbona sisi hatukwenda? Tulifiwa na nani, tukawa vile? Swali hilo hakuna aliyelitia kinywani, na kahawa iliendelea kumiminwa.

Alinisamehe, au alisema amenisamehe. Binti yake aliolewa baada ya miaka miwili na mtu mwingine, nami sikupata uso wa kuhudhuria. Nilipoinuka niende zangu siku ile, fundi aliniita akaniuliza kama najua kumimina maji, kwani aliyekuwa akimsaidia kumimina alikuwa amehamia Malindi. Nikamwambia najua. Juma lile lile nikaitwa. Nimekuwa nikienda tangu siku hizo, kwanza pamoja naye, na baada ya kufariki kwake pamoja na wengine.

Juzi tulifika mwisho wa Mzimu wa Watu wa Kale, na stima zilikuwepo, ila mtoto mwenyewe ndiye aliyetaka tumalize. Tulipofunga kitabu akaniuliza, kwa kuwa huniona nikitoka usiku na kanzu ya kazi: "Nawe babu, kuosha maiti ulianzaje?"

Nikamhadithia yote kama nilivyoyaandika hapa, na kosa langu sikulificha. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri kidogo.

"Kumbe wewe ndiwe Spider-Man," akasema.

Nikamwambia akalale.